Paka aliyeitika mwito wa marehemu

Swahiba, nimeaibika mbele ya mtaa mzima. Usicheke kwanza.

Watu wa manispaa wamekuja na tundu la waya kumkamata yule paka wa uani kwangu. Bomba limepasuka miezi mitatu hawaonekani, ila kwa paka mmoja wameleta gari zima!

Tena barua ya malalamiko niliandika mimi mwenyewe mwaka jana, kabla sijaanza kumlisha. Mjinga mimi.

Nikasema huyu ni wangu. Bwana mkubwa wao akacheka: "Mzee, kama ni wako, muite aje."

Nikaita pusi, pusi. Kimya. Nikagonga sahani. Kimya. Wakafungua tundu.

Unajua tangu nifiwe bado napakua chakula huku nikimwita marehemu kama zamani. Paka kazoea mwito huo tu. Ningefanyaje?

Nikapaza sauti: "Mke wangu, njoo tule!"

Mke wangu! Majirani wote wanasikia!

Akatoka mbio chini ya tangi, akajisugua miguuni kwangu. Yule jirani mdaku akashika mdomo.

Bwana mkubwa akatoa fomu, hacheki tena. "Jina la paka?"

Nikamwambia aandike hivyohivyo alivyosikia.