Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Överkalix, 9 Machi 1979

Hilding mdogo wangu,

Msalimie sana wifi yangu Maj-Lis. Huku barafu ya mtoni bado nene, na mama angali anatumbukiza jibini kwenye kahawa yake.

Elvy wangu ametimiza miaka sita. Macho yake hayaendi tena pembeni; akitaka kukuona hugeuza kichwa kizima. "Mama, mimi bundi," anacheka. Mafuta ambayo mwili wake hauwezi kuyavunja yanajaa kwenye wengu na ini. Tumbo limevimba, na mifupa inamuuma hadi anang'ata mto. Ni ugonjwa wa kurithi, kutoka kwangu na kwa baba yake.

Mwaka juzi, kabla hujaoa, daktari mgeni kutoka Stockholm alimuuliza mama, "Kuna mtoto mwingine wa ukoo wenu aliyeugua hivi?" Mama akavuta pumzi, fyuu, ile ndiyo yetu ya huku. Yule akadhani bibi anahema tu, akaandika: hakuna. Hilding, kaka yetu Evert alikufa na tumbo hilohilo! Daktari angejua, angetuita ukoo mzima tupimwe. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Niliona aibu tuitwe watu wa damu mbovu.

Sasa nasikia Maj-Lis ana mimba, naye ni wa bonde hilihili letu, ambako ugonjwa huu umo katika koo nyingi. Nendeni mkapimwe damu wiki hii, nyote wawili. Ukitaka kunichukia, nichukie baadaye.

Jumapili nitakupigia simu kuuliza kama mtaenda. Usinivutie pumzi, mdogo wangu. Tamka.

Dada yako,
Gunvor