Baba Mkwe Kiti cha Nyuma

Atar, msimu wa tende

Dada yangu mpendwa Tekber,

Salamu zianze kwako, zipite kwa shemeji na wanao, ziishie kwenye goti lako ambalo nasikia bado linakusumbua. Huku sote wazima na tende zimeiva. Ila mimi nimechoka, nina hasira, na sina wa kumlalamikia isipokuwa wewe.

Safari hii nilikuwa na abiria mmoja, Mwalimu Isselmu wa Nuakshoti, aliyetaka kuona Shingiti na Wadani. Nilimkubali upesi, kwa kuwa Wadani ndiko mke wangu Salka alikorudi kwao miezi minne sasa, nami nilikusudia kumrudisha. Lakini mtu yule ni mtihani. Kabla hatujaufikia mlima wa kupanda kwenda Shingiti tulisimama mara kumi na moja apige picha majabali, na jua la huku unalijua. Nikamwambia majabali hayana miguu, yatamngoja. Akanijibu, "Wewe bwana umeyazoea, ndiyo maana huyaoni."

Chini ya mlima tukamkuta mzee na gunia lake la unga. Mwalimu, kwa wema ambao hakuna aliyemwomba, akamkaribisha garini. Dada, alikuwa Mzee Deddah, baba yake Salka.

Nilifanya kama wanaume wetu wote wafanyavyo, maana mkwe haonyeshi uso kwa baba mkwe, wala hali wala hanywi mbele yake. Nikavuta kilemba likabaki jicho moja, nikanyamaza. Huko Shingiti, Mwalimu alipokwenda kutazama vitabu vya kale, nilijibanza nyuma ya gari. Chai ilipochemshwa, glasi zote tatu za desturi yetu zilinipita. Mwalimu akauliza dereva gani huyu hanywi chai, au anaumwa. Mzee akasema, "Mwache. Wenye haya siku hizi wamebaki wachache." Kisha njia nzima akamsema mkwewe: mwanamume gani huyo, mke kaondoka naye kakaa tu kama mzigo uliosahauliwa. Nilikuwa na kiu na ghadhabu, sikukosa shimo hata moja la barabarani.

Sasa nikuambie nililokuficha. Niliwaandikia wewe na mama kwamba nimemfuata Salka mara tatu akakataa. Niliwadanganya. Kila mara nilifika juu ya mlima, nikamfikiria baba yake, nikageuza gari. Salka hakukataa, hakuulizwa. Naona aibu, dada, unisamehe.

Tulipofika Wadani, mzee akashuka, akanipa mgongo, akasema kana kwamba anazungumza na gunia lake, "Dereva, wachungaji wameniambia gari hili hugeuzia pale juu. Mara tatu. Ukimwona mkwe wangu, mwambie mpaka tende ziishe nalala shambani kwenye mitende. Nyumbani hayupo wa kumwonea haya."

Basi nikaenda. Salka alinipikia chai, akanimiminia glasi zote tatu. Nikamweleza yote, hata uongo wangu kwenu. Akasema, vizuri, kama niliandika kwamba nimemfuata mara tatu, basi nije kweli mara tatu, ndipo atapanda gari.

Zimebaki mbili. Kesho naupanda mlima tena, na Mwalimu Isselmu yumo, anasema kuna jabali alilisahau.

Nibusie watoto, na mama umwambie wewe, mimi siwezi.

Ndugu yako,
Yeslem