Bolti za Machela ya Mungu

Mdogo wangu Siok-hun,

Salamu zangu zikufikie huko mashariki, wewe na mananasi yako na hilo goti la kushoto lisilosikia dawa. Mvua zimepungua? Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki bado yanatafuna muwa, na hapa Kong-san hajazaliwa kijana wa kunishinda kunyanyua kapu la bolti. Mwandiko usiucheke. Unajua mwenyewe shule niliikimbia. Ningepiga simu, lakini ungenifokea, nami ningefoka zaidi yako, na neno lenyewe lingebaki kooni.

Mwanao Tsing-liong hajambo mwilini. Anakuja karakanani, anavaa glavu, anafanya kazi, anaondoka. Wali wangu anaugusa tu na vijiti. Najua mlivyozungumza kwenye simu, maana hukuwa na haja ya simu, sauti yako niliisikia toka kwenye matangi ya kupakia zinki. Ulimwambia ameiaibisha nyumba, na asikanyage kwako mpaka mungu amsamehe.

Hukuwapo, basi nikueleze ilivyokuwa. Siku ya kuzaliwa kwa mungu wetu tuliitoa sanamu yake hekaluni kwenye machela kama kila mwaka, ngoma mbele, fataki nyuma. Tsing-liong alibeba mbele kushoto. Kufika njia panda ya soko la samaki, mti wa kubebea ukachomoka, machela ikalala upande, ikamvunja mguu Bwana Ko, yule mtunza hekalu. Mungu mwenyewe alikatika kidole.

Unawajua watu wetu. Hakuna aliyeitazama machela, wote walitazamana. Nani ameingia na uchafu? Mke wa Bwana Ko akapaza sauti kwamba Tsing-liong alikwenda kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzake, na bado anathubutu kumbeba mungu, jeuri gani hiyo! Wakamwambia asiguse tena mti wa machela maisha yake. Wengine sasa hawapokei hata sigara mkononi mwake. Yeye aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa pale na ubani wangu, nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Nilisema hivyo, Siok-hun. Kwa mdomo wangu huu.

Sasa nivumilie, nikwambie habari ya kazi.

Bolti za machela ile, zinazoshika miti ya kubebea, nilizitoa mimi, sadaka. Za zamani zilikuwa za chuma laini, zimeshika kutu, nikazicheka. Nikaleta za chuma kigumu kuliko zote, nikasema nitazipaka zinki mwenyewe, zing'ae mpaka mungu ajione usoni. Jina langu likabandikwa kwenye ukuta wa hekalu kwa karatasi nyekundu. Nilipita pale kila asubuhi kulitazama.

Ukipitisha umeme kwenye maji ya magadi makali, zinki inashika chuma, na papo hapo maji yanatoa gesi, hidrojeni wanaiita, mapovu madogo meupe yanachemka juu ya tangi. Mimi niliongeza umeme ili niwahi, yakachemka kama sufuria ya maziwa. Gesi nyingi hupanda ikaenda zake. Nyingine hupenya ndani ya chuma, na chuma kikiwa kigumu ndipo inapokiumiza. Huioni. Bolti inang'aa, unaikaza, inakaa kimya siku kadhaa, halafu inakatika yenyewe. Dawa ni kuziingiza kwenye oveni mara tu zitokapo tangini, ziokwe mpaka gesi itoke, ndipo uzichovye kwenye dawa ya rangi inayozipa mng'ao.

Mimi nilizichovya rangi kwanza. Ukioka baada ya hapo, mng'ao unafifia, basi sikuzioka kabisa.

Tsing-liong aliniona. Aliniambia kwa heshima, mjomba, hizi hazijapita kwenye oveni, tuzivue zinki tuanze upya. Nikamwuliza nani kamfundisha mwenzake kazi, mimi nilikuwa napaka zinki baba yake akiwa bado anapanguswa makamasi. Wenzake wakacheka. Akaenda kufagia.

Kwa hiyo alijua. Pale njia panda, wanamtukana, alijua. Alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa, ili mjomba wake asivunjiwe heshima mbele ya watu. Hata wewe mama yake hakukwambia.

Ndani ya bahasha kuna kichwa cha bolti nilichookota barabarani. Tazama palipokatika. Hakuna kutu, hakuna kupinda, pamekatika kama biskuti. Uchafu wa msiba haufanyi hivyo.

Karatasi yangu nyekundu nimeibandua. Mwezi ukijaa, watu wakija kufukiza ubani, nitasimama mbele ya Bwana Ko na plasta yake niseme haya haya, kwa sauti ile ile niliyozoea kujisifia. Nakuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma, maana wewe ukijua jambo, hata kuku wa jirani wanajua.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako umfikishie heshima zangu. Goti lifunge kitambaa usiku. Na ukimaliza kusoma hapa, mpigie mtoto simu kwanza. Mimi nitukane baadaye. Nitakaa karibu na simu.

Ni mimi kaka yako,
Bun-thai