Maneno Ambayo Hukuyasema

Mama,

Ulipopiga simu asubuhi ile nilikuwa Istanbul, kwenye duka dogo nyuma ya hoteli, nakula boreki. Ni unga uliosukumwa mwembamba kuliko chapati, ukapangwa tabaka juu ya tabaka, jibini katikati, ukaokwa kwenye sinia kubwa. Watu wa huko huila asubuhi kwa chai ya rangi. Ilikuwa moto, na ilikuwa tamu. Niliifungua kwa vidole kwanza, kama ulivyokuwa ukifungua sambusa pale Adams Arcade tukitoka kliniki: "Wacha nione kama kuna mtu ndani."

Simu ililia saa moja na dakika arobaini. Saa za Istanbul ni sawa na za Nairobi, kwa hiyo siwezi kusingizia saa. Niliona jina lako. Vidole vilikuwa na mafuta. Nikajiambia nitakupigia nikimaliza. Nikamaliza, nikaagiza kipande kingine, nikaenda mkutanoni. Saa sita dada yangu Wairimu akanipigia analia: umeondoka.

Alikuwa amekuta jina langu ndilo la mwisho kwenye simu yako. Akaniuliza ulisema nini. Mama, nimeandika habari miaka ishirini na sita na sijawahi kumtilia mtu maneno mdomoni. Nilimwambia ulisema, "Pendaneni. Mimi niko sawa."

Akayaweka kwenye kijitabu cha mazishi tulichochapisha River Road. Pasta akayahubiri. Nilisimama kando ya kaburi nikijua hukuwahi kuongea hivyo maishani mwako. Ungeniuliza, "Umekula nini huko kwa watu?" Ningekujibu ni sambusa iliyokanyagwa na lori, nawe ungecheka mpaka ukohoe.

Tangu uondoke paka wako amehamia kwa jirani. Wairimu amerudi nyumbani Riruta, analala kwenye kitanda chako. Anasema maneno yale ndiyo humwamsha asubuhi. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Jana alinitumia picha ya jiwe la kaburi. Jina lako limeshachongwa. Chini yake fundi ameacha nafasi ya maneno yale. "Ni wewe uliyasikia," Wairimu ameandika, "cheki asikosee hata herufi moja."

Siwezi, Mama. Si kwenye jiwe.

Kesho asubuhi naenda Riruta. Nitamwambia simu ililia, nikaiona, nikaendelea kula. Atanikasirikia, labda kwa muda mrefu, na atakuwa na haki. Atauliza basi ulitaka nini. Nitamwambia sijui. Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote, na hili sina wa kumuuliza.

Pumzika. Nakuahidi jiwe litabaki na jina lako peke yake, hadi mimi na Wairimu tukumbuke neno ulilosema kweli.

Mwanao,
Njoroge