Mwana wa Mwalimu wa Vidudu Amehamia Chuoni

Mpendwa Bi Sheshe,

Nakuandikia kwa haraka maana Padri anapanda mlima kuja kwetu Jumapili ya Mavuno na mimi mpaka sasa sijui uso wangu nitauweka wapi, nakuomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine humo gazetini, ila kijiji usikitaje, sema tu huku juu Lushoto, kwani gazeti likifika huku linasomwa kwa sauti dukani kwa Rajabu na kila mtu anatoa maoni yake.

Mimi naitwa Timotheo, ni mwalimu wa vidudu katika shule ya misheni, yaani wale wadogo ambao hawajafikia darasa la kwanza, nawafundisha kuimba, kuhesabu kwa vijiti, sala ya Baba Yetu na kukaa kimya, na hilo la mwisho ndilo linalonitoa jasho. Darasa langu ni zuri, Bi Sheshe, hata wageni hulisifu, sakafu ni saruji tupu kutoka mlangoni mpaka ukutani, picha ya Malkia iko juu ya ubao, watoto wanakaa chini kwa mistari wamekunja mikono, na mimi nimesimama mbele yao na buti alizonipa Bibi wa misheni pamoja na soksi za sufu, maana ukungu wa asubuhi wa huku hauna adabu, unaingia ndani bila hodi. Kila mtoto huja na ukuni wake asubuhi kama ilivyo desturi, na kuni hizo hupelekwa jikoni kwangu, kwa kuwa moto darasani nimeukataza, moshi ungemharibu Malkia.

Sasa mwanangu Yohane, ambaye ndiye wa pekee, yumo darasani humo humo, na kwa muda mrefu nilikuwa namwona kwenye wimbo wa kwanza, halafu ananyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni, anatoka, simwoni tena mpaka kengele ya mwisho, nami nikadhani mtoto ana tumbo baya nikamwambia mama yake ampunguzie maharage. Kumbe tumbo halina neno. Juzi tumemkaribisha chakula Mzee Francis, mzee wa kanisa letu, mtu mzito ambaye neno lake kwa Padri halirudi, nikataka kumwonyesha malezi ya nyumba yangu, nikasema, Yohane, tuombee chakula. Mtoto akafungua viganja kama anapokea mahindi, akaanza na Bismillahi, akaenda nayo Alhamdu yote mpaka mwisho bila kukwama, akasema amina, akajipangusa uso. Mzee Francis tonge likamkaa kooni, mke wangu Dorkasi akawa anampigapiga mgongoni, na mtoto anatutazama mmoja mmoja anangoja kusifiwa.

Mgeni alipoondoka nikamchapa kidogo, kisha nikamuuliza nani amemfundisha, akasema Mwalimu Hassani, yule mzee wa chuo cha Kurani hapo chini ya shule yetu, ambaye nimekwenda kumchungulia mwenyewe na naapa nimemkuta anasinzia katikati ya somo na watoto wamezunguka moto barazani wanasoma kwa kelele kama wako mnadani, kuni zao zile zile walizokuja nazo zinawaka mbele yao, viazi vimefukiwa kwenye majivu. Nikamuuliza Yohane, mwanangu, umekosa nini kwangu? Akanijibu, "Tate, kule kuna joto." Nikamwambia aseme Baba, si Tate, tena nikamwambia joto analolikimbilia asifanye haraka, liko jingine linamngoja huko mbele. Akafikiri. Akauliza, "Na huko nako wanachoma viazi?"

Hapo nikamchapa tena.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Padri ameagiza kwamba Jumapili hiyo mtoto wa mwalimu asimame mbele ya watu wote aongoze Baba Yetu, na Mzee Francis ameshanionya kwamba mwalimu ambaye hakuweza kumfundisha mwanawe hawezi kuachiwa wana wa wenzake, kwa hiyo nitanyang'anywa darasa na nyumba. Yohane sala haijui. Katika vidudu wangu wote anayeijua bila kukosa neno ni msichana mmoja tu, Mwamvita, naye, Mungu anisamehe, ni mjukuu wa huyo huyo Mwalimu Hassani. Baba yake alimleta kwangu apate kusoma na kuandika, na babu hakusema kitu. Huja amejifunga koti kuukuu la babu yake linaloburuta chini na kunuka moshi, nimekwisha kumkataza lakini hasikii, hulikunja akalikalia.

Nimepata shauri kwamba siku hiyo Mwamvita nimvalishe vizuri nimwambie Padri ndiye binti yangu anaitwa Maria, na Yohane nimshushe Mombo kwa wajomba zake mpaka mambo yapoe, Padri hawajui watoto wetu. Dorkasi amekataa kabisa, anasema yeye hakumbuki kumzaa Maria yeyote. Hatusemeshani. Na Yohane naye tangu zile fimbo nikiingia ndani anatoka, nikikaa upande huu wa meko yeye anahamia kwa mama yake, jambo ambalo, nikisema kweli, linanichoma kuliko habari ya Padri. Je, nimchape zaidi, nimshtaki Mwalimu Hassani kwa Bwana Shauri wa serikali, au nishike lile shauri la Maria?

Ni mimi mwenye mashaka,
Timotheo

*

Mwalimu Timotheo,

Pole. Nimekupa pole mapema kwa sababu nikiendelea huenda nikasahau.

Nianze na Maria. Mwache apumzike, maskini, hajazaliwa ameshatumwa kusema uongo kanisani. Watu wote wa kijiji watakuwa wamekaa hapo, wanamjua Mwamvita na koti lake na babu yake, halafu wewe unamdanganya mtu mmoja mbele ya watu wote wanaojua. Hata ng'ombe wa Rajabu wangecheka. Na mke wako amekujibu kwa upole mno, mimi ningekuomba unionyeshe huyo mwanamke mwingine aliyemzaa.

Bwana Shauri naye mwache na kazi zake. Utamshtaki Hassani kwa kosa gani? Kwamba amewasha moto?

Barua yako nimeisoma nikaweka chini, nikaenda kuchukua kanga nyingine nikajifunika mabega, maana ilinitia baridi. Umeniambia ukungu unaingia darasani. Umeniambia watoto wanakaa juu ya saruji. Umeniambia wamekunja mikono, na sidhani ni adabu, nadhani wanajikumbatia. Umeniambia kuni wanaleta wao na zinapikia maharage yako. Halafu ukaniambia, tena kwa kujisifu, kwamba wewe una buti na soksi za sufu. Mtoto wako alipokueleza tatizo lake kwa maneno ambayo hata jiwe lingeyaelewa, ukamsahihisha neno Tate, ukamtishia moto wa jahannamu. Unamtishia moto mtoto anayetetemeka? Mimi nisingekasirika naye kwa kuulizia viazi, ningeona ana akili ya kupanga safari.

Na Mwamvita je, hujajiuliza kwa nini yeye peke yake anaijua sala yako? Unafikiri ana kichwa kikubwa kuliko wenzake. Mwalimu, yule mtoto amekalia koti. Wenzake wote wanafikiria matako yao, yeye peke yake ana nafasi ya kukusikiliza. Na hilo ndilo koti unalotaka kumnyang'anya.

Wala usidhani nampamba Mwalimu Hassani. Mzee anayesinzia akifundisha nampa alama ndogo, na moto ule sidhani aliuwasha kwa huruma, ameuwasha kwa sababu mifupa yake mwenyewe inauma. Lakini yeye baridi akiisikia anajua na watoto wanaisikia. Wewe buti zimekuziba.

Sasa fanya hivi, na usinijibu kwanza. Kesho asubuhi kabla ya kengele vua buti, vua na soksi, kaa chini kwenye mstari wa mwisho, kunja mikono, uimbe nyimbo zako zote kuanzia ule wa kwanza mpaka ule wa kuaga. Usiinuke. Ukiona wewe mwenyewe unatamani kwenda chooni, basi umeshajua ugonjwa wa mwanao. Kisha zile kuni zitoe jikoni kwako uziwashe darasani kwenye chungu kipana karibu na mlango, Malkia umhamishie ukuta wa pili, nasikia kwao nako kuna ukungu kwa hiyo ataelewa. Waombe kina mama mikeka mikuukuu au magunia ya kukalia. Mke wako atakusaidia ukimwomba radhi, nami nasema umwombe kabla ya mikeka.

Halafu umshike Yohane mkono mteremke mchana kweupe kwa Mwalimu Hassani. Umwamkie shikamoo yako vizuri, umshukuru kwa kukulelea mtoto, maana hukujua alipo na mwenzako alikuwa anampa kiazi. Mkubaliane kama majirani: asubuhi Yohane ni wako, na mzee akimwona pale saa za shule amrudishe. Jioni akitaka kupitia kumsalimu mzee, apitie. Yeye mjukuu wake yuko kwako kila siku na hajawahi kukushtaki kwa serikali.

Jumapili ya Mavuno simama mwenyewe uongoze Baba Yetu, kwani ni wewe uliyepewa kazi ya kuijua. Padri akiuliza habari za mwanao mwambie kweli, kwamba alikimbia baridi na wewe ndiye uliyemfukuza bila kujua. Mzee Francis akianza, mkaribishe asubuhi moja akae juu ya saruji yako bila viatu, nina hakika hatachukua muda kuja upande wetu. Wakikuondoa hata hivyo, utaondoka ukiwa na mwana, na kwa barua hii naona ndicho ulichokuwa unanililia.

Fimbo itie kwenye chungu pamoja na kuni nyingine. Na huyo mtoto ukae naye usiku upande wake wa meko, umwache akuite Tate. Kisha ungoje. Siku atakayonyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni, akatoka, na akarudi, msogeze karibu na moto, usimuulize kitu.

Bi Sheshe