Nepi za Safari ya Mikumi

Kilosa, Jumatatu, 6 Machi 1995

Miaka thelathini na moja tangu tuhame Mikumi, mpaka wa hifadhi ulipowekwa juu ya shamba la baba. Tulisema ni kwa muda.

Asubuhi kama zote. Nimechemsha maji, nimempa mke wangu Mwanahawa uji, nimemgeuza ubavu. Zena, mdogo wake, amefua vitambaa. Havikauki, masika yameanza. Tangu Mwanahawa apooze upande wa kushoto, mkojo haumngoji. Anataka jambo moja tu: kufika kwao Mikumi kabla hajafa. Barabara mbovu, basi la kutwa. Kitambaa kimoja hakimfikishi hata Zombo, hapo njiani.

Jumatano, 8 Machi

Mwanetu Rajabu amefika kutoka Dar na furushi la nepi za watu wazima. Sikujua kama zipo. Zamani tulipanga foleni ya sabuni. Siku hizi kila kitu kipo, ukiwa na cha kununulia. Maandishi ya furushi siyatambui, si Kiingereza wala Kiarabu.

Mwanahawa alipovalishwa alicheka, mara ya kwanza tangu kabla ya mfungo. "Mume wangu, leo nimekuwa mtoto wa mjini." Alibaki mkavu mpaka adhuhuri. Rajabu atarudi mwisho wa mwezi, tumpeleke Mikumi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimepasua moja. Siwezi kumvalisha mke wangu kitu nisichokijua.

Juu, kitambaa chepesi kama karatasi ya kuchujia. Ndani, kitu kama pamba lakini si pamba, nadhani ni mti uliosagwa, na chembe nyeupe kama sukari. Chini, nailoni. Nimemwagia kikombe cha maji. Chembe zimevimba, zikawa uteute mzito. Nikaigeuza. Halikudondoka hata tone. Nimestaajabu, kisha nimeogopa.

Nilikwenda duka la dawa kuuliza zina nini ndani. Muuzaji alicheka. Akasema mzee, hiyo ni vaa-tupa, unataka kuila? Nimerudi kwenye vitabu vyangu vya sayansi. Vimeandikwa kabla ya vitu hivi.

Jumapili, 12 Machi

Zinakwisha. Mwanahawa hasali akiwa na najisi. Kila sala anataka avuliwe, asafishwe, na baada ya sala avalishwe mpya. Simlaumu. Mwili umemnyima mengi, sala imebaki.

Pa kuzitupa pia hatuna. Nilitumbukiza chache chooni, zikavimba, shimo likajaa kabla ya wakati. Leo nimewasha moto nyuma ya nyumba. Zena akaja kusimama kati yangu na moto.

"Nguo ya mgonjwa haichomwi, shemeji. Ukiichoma, unamchoma mwenyewe."

Ndivyo walivyosema mama zetu. Nimesoma vya kutosha kujua si kweli. Nimeuzima moto.

Jumatano, 15 Machi

Zena amezifua. Sabuni ya mche, kisha kwenye kamba juu ya mafiga. Nami nimeona ni sawa. Kwetu kinachovaliwa hufuliwa. Uteute umetoka kiasi. Uliobaki umekauka, mgumu kama chumvi ya mawe. Tutamvalisha hizo. Mpya zilizosalia tumeziweka kwa ajili ya basi.

Jumanne, 21 Machi

Ngozi ya kalio la kushoto imekuwa nyekundu. Zena anasema ni joto. Nimempaka mafuta ya nazi. Nepi zilizofuliwa zimechanika, chembe zinatoka na kumganda mwilini. Hazinyonyi tena, zinamlaza ndani ya maji, na nailoni haipitishi hewa.

Halalamiki. Upande ule hausikii kitu. Hilo ndilo baya, na sikulifikiria.

Jumamosi, 25 Machi

Nimemleta muuguzi wa zahanati, binti wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Aliniamkia, akainua shuka. Chini ya wekundu kuna shimo. Linanuka.

Nikamwonyesha nepi zilizo kambani jikoni.

"Babu, hizi hazifuliwi. Huvaliwa mara moja."

Nilimuuliza zina nini ndani. Naye hajui. Amesema turudi kwenye vitambaa, tumgeuze kila mara, na safari ya basi tuiache. Ameacha dawa. Hakusema itasaidia.

Alipoondoka, Zena aliketi sakafuni akajifunika uso kwa khanga. Alimwogopea dada yake moto. Nilimwambia tulizifua sote wawili.

Jumanne, 28 Machi

Homa haishuki. Rajabu amefika na tiketi mfukoni. Hakuna aliyemwambia kitu, alisikia harufu mlangoni.

Alasiri Mwanahawa aliuliza basi linaondoka saa ngapi. Nikamwambia asubuhi.

"Basi nivalishe mpya."

Nilimvalisha mpya. Hakukuwa na kitu tena cha kuogopa. Aliniambia nisisahau kuwaamkia wakubwa kwao kabla ya kukaa. Wakubwa wenyewe wamekwisha wote. Nikasema sitasahau.

Jumapili, 9 Aprili

Mwanahawa tulimzika Alhamisi, hapa Kilosa, ng'ambo ya reli. Udongo ulikuwa maji. Rajabu aliniuliza kama nataka kwenda Mikumi nikapumzike, walau mara moja.

Leo Zena amefagia chumba. Nepi mpya zilizobaki amezitoa uvunguni. Anasema sasa zinaweza kuchomwa, hazijamgusa mtu. Mimi ndiye niliyekataa. Nimezirudisha mahali pake.

Mvua imekatika. Vitambaa vya Mwanahawa bado viko kambani, vimekauka vyema. Nimevikunja.

Sitarudi Mikumi.