Kadi ya Ray

Charleroi, Pennsylvania
9 Februari 1997

Darren,

Huna haya. Salamu nitakupa mwisho wa barua, kama zitabaki.

Tangu Sikukuu ya Shukrani babu yako anangoja bahasha yako. Simu yako imekatwa. Hii ni barua yangu ya tatu na zile mbili hukujibu. Kama ungekuwa umekufa, mtu angetuandikia. Kama hujakufa, mkono wako una nini?

Mimi huo mchezo wenu wa besiboli ya mezani sijawahi kuupenda. Wanaume wazima wanane, mmoja padri, mwingine kinyozi wa Milwaukee, wanatupa dadu mezani na kusoma vikadi vya wachezaji wa zamani, kisha wanaandikiana kwamba timu ya Detroit ya mwaka sitini na nane imeipiga Milwaukee ya hamsini na saba. Nusu ya wachezaji wenyewe wako makaburini. Eti ligi ya mabingwa. Kombe lenu ni kopo la kahawa lililopakwa rangi ya dhahabu. Nililinyamazia jambo hilo miaka yote kwa sababu kiwanda cha chuma kilipofungwa, wenzake babu yako walikwenda baa na yeye alikwenda jikoni kwangu na dadu zake. Nikaona afadhali dadu.

Sasa Pittsburgh yake ya mwaka sitini imefika mechi ya mwisho. Haijawahi kufika. Na imekutana na Brooklyn yako ya hamsini na tano, na mechi inachezwa kwako. Sheria unazijua kuliko mimi: mwenye uwanja hutupa dadu peke yake nyumbani kwake, mgeni humtumia maagizo kwenye bahasha iliyofungwa, na hakuna anayechungulia. Ninyi mnaaminiana hivyo, nami nilikuwa nikiwacheka. Maagizo yake nilikupelekea posta mwenyewe mwezi wa Novemba. Sikufungua.

Kila siku anasimama kwenye sanduku la barua. Juzi alisimama kwenye theluji bila viatu. Nikamwambia, "Emil, vidole vitakatika." Akaniambia, "Mtoto anahesabu mitupo yake ya dadu, mwache." Anakutetea, mjinga yule.

Ameshinda au ameshindwa, mwandikie. Mzee wa miaka themanini na mbili hangojeshwi hivi.

Salamu zimebaki kidogo. Sisi wazima. Magoti yangu mabaya.

Bibi yako


Reno, Nevada
3 Machi 1997

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na babu yupo salama. Mimi mzima, ninatengeneza viyoyozi kama kawaida. Nilihama nyumba, barua zikawa zinanifuata polepole. Hilo ni kweli, lakini siyo sababu.

Unasema hukufungua bahasha ya babu. Basi nikwambie kilichokuwemo, ingawa ni kuvunja sheria.

Mwanzo wake ni babu yule yule. Nani aanze kurusha, nani asimame kituo cha pili, lini wakimbie, lini wasikimbie. Mwandiko wake ule wa herufi kubwa. Halafu chini ameandika hivi: "Zamu ya tisa, ya mwisho, kama tuko nyuma, mtoe mrushaji asipige yeye. Muingize Ray apige. Ray anapiga kwa mkono wa kushoto. Mwambie asipapatike, mimi nipo hapa nyuma ya wavu."

Bibi, hakuna Ray kwenye Pittsburgh ya mwaka sitini. Nimezipanga kadi zote mezani mara kadhaa kama mwehu. Ray ni baba yangu.

Kwanza nilidhani ananichoma. Nilipoondoka pale kwenu alisema Ray asingewaacha wazee wake. Nikakasirika, nikaitia bahasha chini ya kabati. Nimekaa nayo baridi nzima. Kisha hasira ikaisha, ikabaki hofu. Babu hajawahi kukosea jina la mchezaji. Anamjua hata mpigaji wa akiba aliyecheza wiki moja.

Mechi sijaicheza. Siwezi kuicheza. Agizo la mgeni ni lazima lifuatwe, na mtu ninayeambiwa nimuingize hana kadi.

Bibi, niambie kweli. Babu anaumwa?

Mjukuu wako,
Darren


Charleroi
11 Machi 1997

Darren,

Babu yako haumwi. Ana miaka themanini na mbili. Wewe ukifika umri huo, kama utafika kwa vyakula hivyo vya kwenye makopo, tutaona utakumbuka nini.

Mtu ameandika jina la mwanawe mahali pasipo pake. Basi? Mimi huita paka jina la dada yangu. Umeshakuwa daktari wa babu yako, wewe fundi wa viyoyozi?

Alifanya kazi kwenye tanuru la chuma miaka arobaini, hakuwahi kuchelewa. Kichwa chake ni kizima. Jana ameniuliza kama pirogi za kanisani, yale maandazi ya viazi, zimekwisha nikamwambia zimekwisha, akasema ni kwa sababu padri anakula za watu watatu. Mgonjwa anasema hivyo?

Usiniandikie tena upuuzi huo. Cheza mechi. Muingize mwingine yeyote, hatajua.

Bibi yako


Charleroi
21 Aprili 1997

Darren, mjukuu wangu,

Hujambo? Hukunijibu, na safari hii sikulaumu. Barua ile nisingeijibu hata mimi.

Nakuandikia mezani jikoni, babu yako amelala kwenye kiti. Mlango nimeufunga kwa minyororo miwili.

Ijumaa Kuu nilikwenda kanisani kukunja pirogi na wanawake wenzangu. Niliporudi hayupo. Kopo lake la chakula cha kazini, lile la bati, halipo juu ya jokofu. Polisi walimkuta kwenye geti la kiwanda. Geti lenyewe halipo, unajua, walibomoa kila kitu, kumebaki kokoto na uzio. Amesimama pale na kopo lake, anamwambia polisi kwamba amechelewa zamu na msimamizi atamkata mshahara. Kijana wa polisi ni mjukuu wa Hudak aliyefanya kazi naye. Akamwambia, "Mzee Emil, leo zamu yako imefutwa, nikurudishe nyumbani." Mtoto ana adabu. Kopo lilikuwa tupu.

Daktari alisema jambo lenyewe kwa neno lake. Sikulishika neno. Nililishika lile lingine, kwamba akili yake haitarudi, itaendelea kuteremka.

Viatu vyake nilikuwa navikuta ndani ya oveni tangu mwaka jana. Navitoa, nawasha oveni, napika. Sikumwambia mtu.

Sasa sikiliza. Bado anauliza mechi. Si kila siku, ila anauliza, na akiuliza anakuwa Emil kabisa, macho yake yote mawili yapo. Anasema, "Kijana ameandika?" Nami nasema, "Bado." Nataka kumjibu vingine kabla hajaacha kuuliza.

Nilikuambia umuingize mwingine, hatajua. Nafuta. Huyu mtu hajamdanganya mwenzake hata mtupo mmoja wa dadu, nami sitaanza kudanganya kwa niaba yake. Tengeneza kadi ya Ray. Unajua zinavyotengenezwa, babu yako alikufundisha mwaka aliokufa baba yako, wakati ulipokuwa hutaki kula.

Ulikuwa hujazaliwa, hukumwona akicheza. Mimi nilimwona, nilikaa kwenye mabenchi yale ya uwanja wa shule hadi makalio yakafa ganzi. Kwa hiyo andika: alikimbia vizuri. Alikuwa na jicho, mpira wa nje haukumshawishi. Mpira wa moja kwa moja aliupiga mbali hadi upande wa reli. Lakini mpira wa kupinda ulimshinda. Ulimshinda kila mwaka, kila mrushaji wa bonde hili alijua. Babu yako alimpeleka nyuma ya nyumba kumfundisha mpaka giza likaingia, haikusaidia. Usimpendelee. Ukimpendelea babu yako atajua, hata na kichwa hicho.

Kisha tupa dadu, na kinachotoka ndicho hicho. Fanya haraka.

Bibi yako


Reno
27 Mei 1997

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Babu anaendeleaje? Nawe unalala?

Umeniambia nifanye haraka nami nimechelewa tena. Kadi niliitengeneza siku ile ile barua yako ilipofika. Niliandika kama ulivyosema, mbio zake, jicho lake, na mpira wa kupinda. Juu nikaandika RAY HRINYA, PITTSBURGH, 1960. Mwaka huo alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, lakini sikuona mwaka mwingine wa kuandika. Nikaiweka pamoja na wengine. Halafu sikuweza kutupa dadu. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa mezani, naziangalia dadu, nakwenda kulala. Nilijua kwamba nikizitupa, kitakachotoka kimetoka.

Jumapili nimecheza. Nimefuata kila agizo la babu. Alipanga vizuri, Bibi. Mrushaji wake alinizuia zamu baada ya zamu, na ningekuwa mimi ningemtoa mapema nikaharibu. Zamu ya tisa Pittsburgh walikuwa nyuma kwa mmoja, wawili wameshatolewa na wa tatu akitolewa mechi imekwisha, mtu wao yupo kituo cha tatu. Na zamu ya kupiga ilikuwa ya mrushaji. Unaelewa? Ilifika pale pale alipoandika.

Nikamtoa mrushaji. Nikaiweka kadi ya baba.

Nilisema kwa sauti, "Usipapatike." Sijui kwa nini nilisema. Nikatupa.

Alikosa mara tatu. Ameshindwa, mechi imekwisha, Brooklyn ndiyo bingwa.

Hakuna aliyeniona, Bibi. Ningeweza kuzitupa tena. Niliziokota mkononi, nikazishika kwa muda mrefu. Babu alikuwa anasema dadu iliyotupwa mara ya pili imeshakuwa porojo tu. Nikazirudisha kwenye kisanduku.

Matokeo ni haya, yameandikwa kama yalivyo. Msomee. Mwambie pole. Mwambie kopo la dhahabu silitaki.

Mjukuu wako,
Darren


Charleroi
5 Juni 1997

Darren, mjukuu wangu,

Barua imefika. Laiti ingefika siku kumi nyuma.

Nilimvisha shati safi nikamkalisha barazani, nikamwambia, "Emil, kijana ameandika." Nikamsomea yote, zamu moja moja, kama unavyosoma injili. Alisikiliza vizuri, mikono magotini. Nilipomaliza akaniuliza, "Pittsburgh ni nani?"

Nikamwambia ni timu yako. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeambiwa habari za ndugu za jirani. Adabu ile ndiyo iliyonivunja. Mimi na yeye hatujawahi kuongea kwa adabu.

Sikulaumu. Nakulaumu, ila si sana. Bahasha ilikaa chini ya kabati lako baridi nzima na viatu vilikaa ndani ya oveni yangu. Tumegawana.

Lakini nilisoma tena ile sehemu ya mwisho, kwa ajili yangu, nikitaka kuona kama nimeruka neno. Nilipofika kwenye jina akainua uso. Akasema, "Ray amepiga?" Nikamwambia hapana, amekosa. Akasema, "Wa kupinda." Hakuuliza, alisema tu. Kisha akasema, "Mwambie arudi nyumbani, simgombezi."

Tangu siku hiyo hana neno lingine. Asubuhi, Ray yuko wapi. Nikimpa supu, mwachie Ray. Jioni anataka taa ya barazani iwake kwa sababu Ray hajarudi. Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba Ray alikufa barabarani na lori lake kwenye barafu. Alilia kama ameambiwa sasa hivi. Kesho yake akauliza, nikamwambia tena, akalia upya. Nimemfanya afiwe na mwanawe siku tatu mfululizo, mimi, kwa kinywa changu. Nimeacha. Sasa nawasha taa tu.

Naye mwili wake unaisha. Daktari hakusema lini, nami sikuuliza.

Basi fanya hivi. Waandikie wale wanaume, padri na kinyozi na wengine. Sema Pittsburgh imeshindwa kwa haki. Usiandike kwamba anaumwa, hakutaka kuhurumiwa na watu wa Detroit. Kopo la dhahabu likija, lipokee, ni lako, usilete unyenyekevu wa kijinga.

Halafu panda basi. Kadi ya Ray usiitume kwa posta, ilete kwa mkono wako. Posta imetutosha. Nataka umwekee kiganjani awe na kitu cha kushika. Njoo kwa mlango wa mbele, panda ngazi polepole, simama chini ya taa akuone vizuri. Una mabega ya baba yako na kichwa kile kile kikubwa.

Akikuita Ray, itika.

Bibi yako